Redio Iliyofunguliwa ili Ifungwe

Mwanzoni mwa muhula wa pili, mwaka wa 2005, ilitangazwa kwa fahari na taadhima kwamba Chuo cha Ustawi Jumuishi kilikuwa kimeazimia kuimarisha mawasiliano kwa kuyakomesha. Tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango, kuanzia ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro pale Koja, katikati ya jiji, hadi ghorofa ya saba ambako lifti haikuwahi kufika. Lilieleza kwamba Idara ya Mawasiliano pamoja na kituo chake cha wanafunzi, Redio Darasa, vingefungwa rasmi mwisho wa mwezi. Wanafunzi wake wangehamishiwa Diploma ya Usimamizi wa Karamu, ambako kulikuwa na viti. Chumba cha redio, kwa kuwa kilikuwa na dirisha la kuonea jiji zima hadi vilima vya Ngong, kingekuwa Sebule ya Wageni Mashuhuri. Tangazo lilimalizia kwa kuwashukuru wote kwa ushirikiano wao, ambao walikuwa bado hawajaombwa.

Mtu asidhani uamuzi huo ulitolewa ovyo. Utafiti ulifanywa, tena na Mkuu wa Chuo mwenyewe, Dkt. Kuria, nyumbani kwake Kitisuru, akiwa ndani ya gari. Aliitafuta Redio Darasa kwenye redio ya gari hilo akapata mvumo tu, kama wa viazi vinavyokaangwa. Ni kweli kwamba Kitisuru kuna mabonde na miti mingi, na kwamba mtambo mdogo wa redio hiyo, uliosimikwa juu ya paa la chuo, ulikuwa ukisikika vizuri Kangemi, Mountain View, na siku isiyo na mawingu hata Kinoo. Lakini Kangemi, Mountain View na Kinoo hazikuwa sehemu ya utafiti. Matokeo yalionyesha kwamba redio haina msikilizaji hata mmoja, na waliohojiwa wote, yaani Dkt. Kuria, waliafikiana.

Jukumu la kuifunga lilimwangukia Bwana Musembi, Ofisa Mkuu wa Itifaki na Hafla. Musembi alikuwa mwanamume mnene wa suti za kijivu, aliyeamini kwamba jambo lisilofanyiwa hafla halijatendeka. Yeye ndiye aliyeandika Mwongozo wa Hafla wa chuo, na Mkuu wa Chuo akautia sahihi bila kuusoma, jinsi inavyofanyiwa miongozo yote ya maana. Katika Mwongozo huo mlikuwa na sheria ya pazia. Kila kitu cha chuo kilifunguliwa kwa mgeni wa heshima kuvuta pazia na kufunua bamba la ukutani lenye jina lake, na kila kitu kingefungwa kwa mgeni wa cheo hichohicho kulirudisha pazia juu ya bamba. Mfanyakazi mwenzake akimwambia kwamba amejaliwa mtoto, Musembi alimpongeza, kisha akauliza mgeni wa heshima alikuwa nani.

Hapa yafaa lisemwe jambo ambalo Musembi hakumwambia mtu. Aliipenda Redio Darasa, na aliipenda kwa moyo wake wote.

Sababu yake ilikuwa hii. Katika kila hafla, kila msemaji husimama akaanza kuwataja wakubwa: mgeni wa heshima, Mkuu wa Chuo, manaibu wake, wenyeviti wa kamati, chifu, wachungaji, hadi mate yamkauke, ndipo aseme "itifaki imezingatiwa" na kuketi au kuendelea. Majina hayo yote aliyapanga Musembi. Yeye mwenyewe hakutajwa hata siku moja. Alikuwa ndani ya yale maneno mawili ya mwisho, pamoja na wapishi, wapiga ngoma na watu wa maturubai. Miaka ilikwenda na ilimuuma, ingawa aliuficha uchungu huo nyuma ya tai.

Lakini kila Ijumaa alasiri Redio Darasa ilikuwa na kipindi cha Salamu za Majirani. Mtangazaji wake, Nakhumicha, msichana wa mwaka wa mwisho mwenye sauti ya kuamsha usingizini, alisoma ujumbe mfupi uliotumwa na wasikilizaji, na mkewe Musembi, Nzula, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye kibanda chake Mountain View, hakukosa kutuma. Basi kila Ijumaa Musembi aliaga mapema kazini, eti anakwenda kukagua maturubai, akawahi nyumbani, akajifanya anasoma gazeti. "Salamu zimwendee Bwana Musembi wa Itifaki, kule Mountain View," ingesema redio juu ya kabati, na gazeti lingetulia kidogo. Majirani waliisikia. Mwenye duka la kona aliisikia. Jumamosi yake Musembi alipokwenda kununua maziwa alitembea polepole zaidi.

Hakumwambia Nzula kwamba ndiye atakayeifunga. Alimwambia tu kwamba kazini kuna hafla kubwa, naye Nzula akasema atamtumia salamu za kumpa nguvu.

Dkt. Kuria alimwita ofisini ghorofa ya nne. Ilikuwa ofisi ya zulia nene, na nje ya mlango wake kulikuwa na bamba la shaba lililong'arishwa kila asubuhi: OFISI HII ILIFUNGULIWA RASMI, na chini yake jina la waziri msaidizi mmoja aliyekwisha kustaafu na kusahaulika. Mkuu wa Chuo alilipenda bamba hilo kupita vyeti vyake.

"Musembi, nataka hii kitu ifungwe na heshima," alisema. "Lakini chini ya maji. Sitaki kelele ya wanafunzi."

Musembi alisema hafla ya chini ya maji inawezekana, ila mapazia yatakuwa yaleyale. Dkt. Kuria akakubali. Kisha akainama mbele, akashusha sauti.

"Na ukinifanyia hii vizuri, siku ya kufungua sebule yangu jina lako litasomwa kwa protocol. Baada ya manaibu, kabla ya chifu. Nimesema."

Musembi alitoka pale miguu ikiwa myepesi na moyo mzito. Kabla ya chifu, alijiambia. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya saba, akiwa na futi ya fundi mfukoni, ili apime bamba la Redio Darasa na kuagiza pazia la kulifunika.

Bamba halikuwepo. Palikuwa na misumari miwili ukutani, na juu yake imetundikwa miavuli.

Alimuuliza Mwalimu Mabruka, mkuu wa idara, mwanamke wa Lamu aliyevaa buibui na miwani, ambaye asubuhi ile alikuwa akiwafundisha wanafunzi kusoma habari bila kupumua kwenye kipaza sauti. Mabruka alimweleza bila haraka. Siku ya kuzindua kituo, miaka mitano nyuma, waziri aliyealikwa hakutokea. Walimngoja tangu asubuhi, wakala pilau yake jioni, na bamba likarudishwa kwa fundi kwa sababu lilikuwa na jina la mtu ambaye hakuja.

"Sasa mlianzaje kutangaza?" Musembi aliuliza.

"Asubuhi yake tukawasha mtambo kuujaribu," alisema Mabruka. "Hadi leo twajaribu."

Na kweli, wakati huohuo, nyuma ya kioo, Nakhumicha alikuwa akiwakumbusha wasikilizaji kwamba hii ni Redio Darasa na haya ni matangazo ya majaribio. Musembi alikuwa ameyasikia maneno hayo kila Ijumaa na siku zote alidhani ni unyenyekevu tu. Ilimbidi aketi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amesalimiwa na kitu ambacho, kwa mujibu wa Mwongozo wake mwenyewe, hakikuwepo.

Alirudi kwa Dkt. Kuria akamweleza kwamba redio haiwezi kufungwa, kwa kuwa haijafunguliwa.

"Si mtu apande tu juu azime hiyo kitu?"

"Kuzima anaweza, Daktari. Kufunga hataweza. Itakuwa imezimwa tu, na kilichozimwa, yeyote anakiwasha. Na sebule yako tutakuwa tumeifungua juu ya kitu ambacho hakijafungwa. Bamba lake halitakuwa na nguvu."

Hoja ya bamba ilimgusa Mkuu wa Chuo. Aliinuka, akaenda mlangoni, akalitazama lake kwa muda. Mwenye kuuliza kwa nini msomi mzima mwenye shahada tatu alikubali maneno hayo hajawahi kuwa na jina lake au la mgeni wake kwenye shaba. Alirudi na uamuzi ambao mpaka leo husimuliwa katika semina za uongozi: redio ingefunguliwa rasmi saa nne asubuhi, na kufungwa rasmi saa nane mchana wa siku hiyohiyo, kwa turubai moja na mgeni mmoja.

Iliundwa Kamati ya Kufungua kwa Nia ya Kufunga. Ilikutana mara nyingi na ikanywa chai kila mara. Ilijadili kama utepe ukatwe wote au nusu, ili baadaye uweze kufungwa tena. Ilijadili kama kikundi cha ngoma kiimbe wimbo mmoja wenye furaha na mwingine wenye majonzi, au mmoja wa wastani. Mgeni wa heshima aliyechaguliwa alikuwa Mheshimiwa Dedan Mukonyo, Waziri Msaidizi katika Wizara ya Uratibu wa Mambo Yanayoendelea. Kwa kuwa wanasiasa hupenda kufungua na huchukia kufunga, ilikubaliwa aelezwe sehemu ya kwanza tu. Ya pili angepewa mwishoni, akiwa amechoka, kipaza sauti kikiwa kimezimwa.

Musembi ndiye aliyetumwa kumwarifu Mwalimu Mabruka. Alikwenda na leso safi, akitazamia machozi. Mabruka alimsikiliza hadi mwisho, pamoja na wanafunzi waliokuwa chumbani. Mmoja wao alisema kwa sauti ndogo kwamba amebakiza muhula mmoja amalize, na baba yake kule kwao anamwambia kila mtu kijana wake ni mtangazaji. Musembi alitazama viatu vyake. Aliona aibu, na aliona vibaya zaidi kwamba aibu hiyo haikuwa na kifungu chochote cha kuishughulikia.

"Huyo mgeni mwenyewe," aliuliza Mabruka, "kwao wapi?"

"Kinoo."

Mabruka alimgeukia Nakhumicha. "Kinoo watupata?"

"Wanatushika poa, Mwalimu," alisema Nakhumicha. "Kukiwa clear, hata tuko juu kushinda hizo stesheni kubwa."

Mabruka akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Aliuliza Mwongozo unasemaje juu ya mgeni na kile kitu anachokizindua. Musembi alisimama wima, kwa maana hakuna aliyewahi kumuuliza swali zuri namna hiyo. Alijibu kwamba mgeni wa heshima sharti akitumie kitu hicho mbele ya hadhara mara tu baada ya kukizindua. Kifungu hicho kilileta ugumu kidogo siku ya kuzinduliwa kwa vyoo vya ghorofa ya tatu, lakini hakikufutwa.

"Na sehemu ya pili, itasomwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi nakuomba jambo moja tu, Bwana Musembi. Isome kama ilivyoandikwa."

Siku ilifika, nayo haikuwa na wingu. Turubai lilipigwa juu ya paa kando ya mlingoti wa mtambo. Mgeni wa heshima wa saa nne aliwasili saa saba na ushei, kwa hiyo kila mtu alisema amewahi. Akatajwa yeye, akatajwa Mkuu wa Chuo, wakatajwa manaibu, na watu wengine wote wakaingia ndani ya itifaki imezingatiwa. Dkt. Kuria aliisifu redio aliyokuwa karibu kuifunga kwa maneno ya kuliza, akaiita jicho la chuo na mdomo wa vijana. Mheshimiwa akavuta pazia, bamba likang'aa, na mfawidhi akaomba makofi mazito ya kilo, akapewa.

Ndipo mgeni akaongozwa studio ili atumie alichokizindua. Aliketi akiwa amechoka kwa uchovu wa mtu aliyefungua mambo mengi wiki hiyo. Nakhumicha akamvisha vidude vya masikioni.

"Mheshimiwa, uko hewani," alimwambia. "Ungependa kusalimia nani?"

Waliokuwepo wanasema uso wa Mheshimiwa ulibadilika. Hawakujua, na Dkt. Kuria hakujua kuliko wote, kwamba zamani, kabla ya siasa, Dedan Mukonyo alikuwa mtuma salamu. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliokuwa wakinunua kadi za salamu kwa mafungu, wakizijaza majina pande zote mbili, wakizituma redioni na kungoja majuma mazima wasikie zikisomwa. Wenzake walimwita Komandoo wa Kadi. Tangu awe mkubwa alikuwa amehojiwa, ameshutumiwa na amenukuliwa vibaya mara nyingi hewani, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza angependa kusalimia nani.

Alilegeza tai. "Nianze na mamangu mzazi, hapo Kinoo, nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya hotuba. Akaendelea na mwalimu wake wa darasa la nne, kama yungali hai. Akawasalimu akina mama wa kikundi cha Kinoo waliompikia alipooa. Akamsalimu fundi viatu wa pale steji ya matatu, ambaye bado anamdai deni la utani. Simu ya studio ikaanza kulia na haikunyamaza. Fundi viatu alipiga. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa hai na akapiga pia, akamkosoa Kiswahili chake. Msaidizi wa Mheshimiwa alichungulia mlangoni mara kadhaa kumkumbusha kwamba wanangojwa Limuru, akaambiwa Limuru ingoje. Mheshimiwa alivua koti, akaomba simu ya ujumbe mfupi aanze kusoma salamu za wengine mwenyewe.

Dkt. Kuria, aliyesimama nyuma ya kioo, alitazama saa. Saa nane ilikuwa imepita kitambo. Alimwashiria Musembi kwa kidole, akakipitisha shingoni mwake, kisha akanong'ona mlangoni: "Zimeni mic kwanza. Halafu umpatie hiyo ya pili."

Nakhumicha alimtazama Musembi, mkono ukiwa juu ya swichi. Mabruka hakumtazama mtu. Musembi aliishika ratiba yake. Alilifikiria jina lake baada ya manaibu na kabla ya chifu. Aliifikiria Ijumaa isiyo na sauti juu ya kabati, na Nzula akiuliza redio ina nini.

"Hii hapa inatoka kwa Nzula wa Mountain View," Mheshimiwa alikuwa akisoma. "Anamsalimu mume wake, Bwana Musembi wa Itifaki, popote alipo hapo kazini. Ujumbe wake: aliye juu mngoje chini. Musembi ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Waziri Msaidizi aliinuka kitini, akampa mkono juu ya mitambo. "Hujambo, Bwana Musembi," alimwambia, na Mountain View nzima ikasikia.

Musembi alisema hajambo. Machozi yakamlenga, na hakuyaonea haya. Kilichoahidiwa kwa siku ya kufungua sebule, kwa sharti, alikuwa amepewa sasa hivi, bure, na kitu kilekile alichotumwa kukifunga. Alimtikisia Nakhumicha kichwa kwamba aache swichi. Kisha akakisogelea kipaza sauti, akasoma kama ilivyoandikwa.

"Mgeni wa Heshima, ndugu wasikilizaji, sehemu ya kwanza ya hafla, ambayo ni kufungua, imekamilika. Sasa tunaingia sehemu ya pili, ambapo Mgeni wa Heshima atakifunga rasmi kituo hiki, ili chumba hiki kiwe sebule ya wageni mashuhuri."

Mheshimiwa aliiweka chini ile simu ya ujumbe mfupi.

"Nani anafunga?" aliuliza Mheshimiwa.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa ratiba."

Simu ililia. Nakhumicha akaiunganisha hewani kabla hajaambiwa, na sauti ya mwanamke mzee ikajaa chumbani.

"Dedan, ni nini hiyo nasikia unafunga?"

"Sijafunga kitu, mami."

"Kwa televisheni huwa nakuona ukifokea watu. Leo umetusalimia. Usiguse hiyo redio."

Mheshimiwa alivaa koti lake, maana tamko la serikali halitolewi na mtu aliyevaa shati. Akatamka, kuanzia dakika hiyo, kwamba Redio Darasa pamoja na idara inayoifundisha havitafungwa na yeyote. Wanafunzi waliokuwa wamebanana kwenye korido wakalia kwa furaha. Dkt. Kuria alikuwa wa kwanza kupiga makofi, kwa mazoea ya miaka mingi ya kupigia makofi lolote linalosemwa na mwenye cheo kumzidi. Aliendelea kupiga hata alipokuwa akiwaza alichokipigia.

Hapo mambo yangeweza kuishia. Lakini Musembi alikuwa Musembi.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi. "Ratiba ina kipengele cha kufunga. Pazia la pili limeshonwa. Ngoma ina wimbo wa pili. Mwongozo, uliotiwa sahihi na Mkuu wa Chuo, unasema Mgeni wa Heshima hataondoka akiwa ameacha kipengele."

Mheshimiwa naye alikuwa mtu wa hafla, na pazia ambalo halijavutwa lilimsumbua. "Basi nifunge nini?"

"Chochote kilichowahi kufunguliwa rasmi na mtu wa cheo chako."

"Na hapa chuoni ni nini kimewahi?"

Katika mambo ya itifaki Musembi hakuwahi kusema uongo, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo. "Ukiondoa redio, uliyoifungua leo, na vyoo, ambavyo vinatumika, ni kitu kimoja tu. Ofisi ya Mkuu wa Chuo."

Dkt. Kuria aliacha kupiga makofi. Alitaka kupinga, lakini ratiba haikuwa na nafasi ya kupinga, redio ilikuwa hewani, na mama yake Mheshimiwa alikuwa bado kwenye simu. Msafara ukashuka hadi ghorofa ya nne, ngoma ikitangulia na Nakhumicha akifuata na kipaza sauti cha waya mrefu. Ulichaguliwa ule wimbo wa wastani. Mheshimiwa alisoma kwa sauti jina la waziri msaidizi aliyestaafu, akamwombea afya njema, kisha akarudisha pazia juu ya bamba la shaba. Mlango ukafungwa na Musembi akakabidhiwa ufunguo. Neno la shukrani, kama ratiba ilivyoagiza, lilitolewa na Dkt. Kuria. Alimshukuru Mheshimiwa kwa kupata nafasi, pamoja na shughuli zake nyingi za taifa, ya kuja kumfungia ofisi.

Kesho yake alimwamuru Musembi aufungue mlango. Musembi alimweleza kwa heshima zote kwamba kuufungua kunawezekana, ila kuifungua ofisi kunahitaji mgeni wa heshima wa cheo kilekile. Barua ya kumwalika Mheshimiwa Mukonyo iliandikwa siku hiyohiyo. Jibu lilisema kwamba Mheshimiwa amefurahishwa sana na mwaliko huo na ataushughulikia shajara yake ikiruhusu. Shajara hiyo haijaruhusu.

Kwa kuwa chuo hakiwezi kukaa bila mkuu, alitafutiwa kiti. Viti vilikuwa vingi Usimamizi wa Karamu, lakini nafasi ilikuwa moja tu, kwenye korido ya ghorofa ya saba, nje ya studio. Redio Darasa, ikiwa sasa imefunguliwa, ilikuwa imeacha kusema inafanya majaribio, na Musembi hakupenda neno zuri litupwe. Aliagiza kibao, akakitundika mwenyewe juu ya dawati la korido: MKUU WA CHUO (MAJARIBIO).

Dkt. Kuria alihimili majuma machache. Alikuwa akisikia kila kitu kupitia ukutani, na jambo ambalo utafiti wake haukuligundua likamwingia polepole, kwamba watu walikuwa wakipiga simu tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja, Ijumaa, alimwita Musembi kando. Hakumwamuru. Alimuuliza kama ingewezekana salamu zake zisomwe, zimwendee Mheshimiwa Mukonyo, na ujumbe uwe kwamba ofisi ya mtu bado inamngoja.

"Zitasomwa, Daktari," alisema Musembi. "Umetuma kama wengine?"

Alikuwa ametuma. Alikaa kwenye kiti chake cha karamu, akaegemeza kichwa ukutani, akasikiliza. Zilisomwa za Kangemi. Zilisomwa za akina mama wa Kinoo, na za fundi viatu, aliyekuwa hakosi siku hizi. Zilisomwa za Nzula kwenda kwa Bwana Musembi wa Itifaki, ambaye safari hii alizisikilizia palepale koridoni, amesimama, kwa sababu hakuwa tena na haja ya kukagua maturubai. Halafu muziki wa kumalizia kipindi ukaanza kupanda taratibu.

"Wasikilizaji, time imetuishia," alisema Nakhumicha. "Kuna wengine hatujawafikia. Mnajijua. Kwa hao wote, itifaki imezingatiwa."